Oili Ipi Huhifadhi Sili za Injini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyamisangura, Tarime)



Tumeagizwa na Chama tuseme machache juu ya oili. Huenda mtu akauliza: karani ana haja gani na oili, nayo ni kazi ya fundi? Twajibu ya kwamba fundi humimina tu. Aliyechagua ni yule aliyeandika hati ya kununulia. Katika Tarime yetu bwana shamba na bwana afya hufika vijijini kwa pikipiki. Pikipiki ikifa njiani, chanjo haifiki siku yake.

Sili ni kipande kinachoziba mwanya baina ya kitu kiendacho na kitu kilichosimama, ili nguvu ya moto isivuje. Katika injini tulizozizoea kazi hiyo hufanywa na ringi za pistoni. Baina ya ringi na ukuta wa silinda hukaa utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika, chuma hula chuma.

Iko injini moja ifundishayo jambo hili kuliko zote, nayo ni injini ya mzunguko, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel. Haina pistoni, ina rota ya pembe tatu izungukayo chumbani, na kila ncha ina sili yake. Ya kwanza iliwashwa mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mwaka 1967 NSU ilitoa motokaa iitwayo Ro 80, lakini sili zake zililika upesi, kampuni ikalazimika kubadili injini nyingi kwa gharama yake, na mwaka 1969 ikaunganishwa na Auto Union. Wajapani wa Mazda hawakukata tamaa. Mwaka 1991 motokaa yao ya injini hiyo ilishinda mashindano ya Le Mans.

Sili za ncha hulainishwaje? Mazda waliweka pampu ndogo idondoshayo oili chumbani, nayo huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo oili hiyo yatakiwa sifa mbili: ilinde chuma, tena iungue bila kuacha majivu mengi. Majivu yakiganda katika mfuo wa sili, sili hunata na kuacha kuziba. Ndiyo sababu wenye motokaa hizo wengine huongeza katika petroli oili ya injini za mipigo miwili, kwa kuwa imetengenezwa ili iungue.

Injini ya mzunguko ni adimu katika barabara zetu, lakini jenereta ndogo ya mipigo miwili twaijua sote, na oili yake huungua vivyo hivyo. Basi isitiwe oili ya motokaa. Itafutwe yenye alama ya JASO FC au FD, ichanganywe kwa kipimo cha kitabu. Kitabu kikisema 50 kwa 1, kila lita 1 ya petroli yataka mililita 20 za oili. Ikipungua, ringi hulika. Ikizidi, masizi huziba njia ya moshi.

Pikipiki ya mipigo minne ina sharti jingine. Katika pikipiki nyingi oili moja huhudumia injini, gia na klachi pamoja. Ziko oili za motokaa zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano. Katika pikipiki dawa hiyo huiteleza klachi. Alama ifaayo ni JASO MA au MA2.

Kisha tazameni namba, kama 10W-40 au 20W-50. Ile iliyo mbele ya W yaonyesha jinsi oili itiririkavyo katika baridi. Ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Mtu asidhani kwamba iliyo nzito ndiyo bora siku zote. Tarime ni nchi ya juu, na asubuhi zake zina baridi. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini, na wakati wa kuwasha ndipo chuma kilikapo sana.

Kwa hiyo, ndugu, hati isiandikwe “oili, chupa 4” na kukoma hapo. Iandikwe namba na alama kama kitabu cha injini kinavyosema. Chupa isiyo na maandishi, au yenye kizibo kilichokwisha funguliwa, irudishwe dukani, hata ikiwa rahisi. Na katika daftari ya chombo iandikwe tarehe na kilomita kila oili inapobadilishwa, ili anayepokea kazi baadaye asibahatishe.

Shilingi zinazookolewa kwa oili isiyofaa hulipwa tena kwa ringi, na kwa mgonjwa aliyengoja bure.