Damu ya Siku za Mwanzo na Takdiri ya Mgonjwa wa Ebola



Tangu zamani jamaa za mgonjwa hawakuacha kumwuliza tabibu swali moja, nalo ni je, atapona? Na tangu zamani tabibu mwenye busara, kabla ya kufumbua kinywa, alimtazama mgonjwa machoni, akamshika mkono, akahesabu pumzi zake. Leo swali hilo limehamia katika kichupa cha damu. Nia yangu ni kueleza damu hiyo inatwambia nini katika maradhi ya Ebola, ambayo ndugu zetu wa Kongo wameyajua kuliko umma wowote tangu mwaka 1976, yalipozuka Yambuku, wakaugua watu 318 na kufariki 280.

Kipimo kilichotumika zaidi katika majimbo ya Kivu na Ituri, wakati wa balaa la 2018 hadi 2020, ni kile cha mashine iitwayo GeneXpert. Mtaalamu hutia damu, ambayo virusi vyake vimekwisha kuuliwa kwa dawa, katika kikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani, akakipachika mahali pake, na haupiti muda wa saa mbili ila majibu yametoka. Humo ndani mashine huitafuta athari ya virusi na kuizidisha maradufu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka idhihirike. Basi damu iliyojaa virusi huhitaji mizunguko michache, na yenye virusi haba huhitaji mingi. Idadi hiyo ya mizunguko ndiyo namba inayoandikwa karatasini. Kwa hiyo hesabu hii imepinduka, na asiyeizoea huweza kukosea vibaya, maana namba ndogo ndiyo ya kutisha. Wagonjwa wawili, mmoja mwenye 18 na mwenziwe mwenye 28, wametofautiana kwa 10 tu karatasini, walakini kwa kuwa kila mzunguko ni maradufu ya uliotangulia, yule wa kwanza ana virusi karibu mara 1,000 kuliko wa pili.

Namba hiyo ina uzito gani? Jawabu lililo bayana tulilipata katika jaribio lililofanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018, ambalo wenyewe waliliita PALM, kifupisho cha maneno ya Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waligawiwa kwa kura dawa nne, na kila mmoja alipimwa damu mwanzoni, mpaka wa hesabu ukiwekwa penye 22. Miongoni mwa waliopewa dawa ya ZMapp, ambayo ndiyo iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, waliokuwa na namba ya 22 au chini yake walifariki karibu 85 katika kila 100. Waliokuwa juu ya 22 walifariki karibu 25. Hapana shaka basi kwamba tone la damu la siku ya kuingia wodini hubashiri mengi.

Lakini tuendelee kusoma matokeo ya jaribio lile lile. Wagonjwa wa namba ndogo waliopewa dawa ya REGN-EB3 walifariki karibu 64 katika kila 100, na miongoni mwa wale wa namba kubwa waliopewa dawa ya MAb114, waliofariki hawakufika 10 katika kila 100. Damu ilikuwa ya namna moja, na takdiri ikabadilika kwa kuwa dawa imebadilika. Nayo MAb114 asili yake ni kingamwili iliyopatikana katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki tangu awali, ilhali wengi walikuwa hawajaiamini. Aisomaye namba ya 17 kama hukumu ya mauti amesahau kwamba namba ile huwasimulia wagonjwa waliopita na matibabu waliyopata, wala haimsimulii huyu aliyelala mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo naliona halipewi haki yake, nalo ni siku ya ugonjwa. Virusi hupanda katika siku za mwanzo, na kwa wanaopona hushuka baadaye. Hata anayepimwa mapema mno huweza kuonekana hana kitu, ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya saa 72 tangu dalili kuanza. Basi mwenye 26 siku ya kwanza yamkini anapanda mlima, na mwenye 26 siku ya nane yamkini anauteremka, ilhali karatasi zao zafanana. Katika jaribio lile lile, waliofika kituoni ndani ya siku moja tangu kuugua walifariki 19 katika kila 100, na waliofika baada ya siku tano walifariki 47.

Pamoja na virusi hupimwa kreatinini, ambayo huonyesha hali ya figo, na vimeng'enya vya ini. Vikiwa juu tangu mwanzo, hatari ni kubwa. Mimi navithamini zaidi vipimo hivi, kwa sababu vinaagiza kazi ya kufanywa usiku huu huu: mgonjwa aliyeishiwa maji kwa kutapika na kuhara hutiwa maji mshipani, na potasiamu iliyopotoka, ambayo hupimwa pamoja navyo, hurekebishwa kabla haijausimamisha moyo.

Lakini namba hizi hutufikiaje? Sote twajua kwamba karatasi iliyoingia eneo la hatari, walimolazwa wagonjwa, haitoki tena. Muuguzi aliyevaa vazi la kinga, miwani imeingia ukungu kwa jasho, husimama kando ya uzio akamsomea mwenziwe namba kwa sauti kuu, naye huandika. Hapo ndipo namba hutengana na siku yake, kwa kuwa anayepiga kelele husema lililo fupi. Naomba semina hii ikubali kwamba katika wodi zetu namba isisomwe kamwe peke yake: itajwe kwanza siku ya ugonjwa, kisha namba, kisha kreatinini. Mwenye namba ndogo awekwe karibu na meza ya wauguzi, apewe dawa kabla ya wengine, atazamwe mara kwa mara usiku. Na mama anayengoja upande wa pili wa uzio asipewe namba. Aambiwe mwanawe anapewa dawa gani, na kwamba damu yake itapimwa tena.