Upweke wa Rosa



Katika riwaya ya Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamchora msichana wa Ukerewe aliyepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Alipofika sekondari, mbali na macho ya baba, Rosa akapotea. Baadaye alitaka kujirekebisha, lakini yaliyopita yakamwandama. Mchumba alipomkataa, akajiua.

Upweke wa Rosa haukuwa wa kukosa watu. Alikuwa na wazazi, wadogo zake, walimu na wenzake. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumweleza aibu yake bila kuhukumiwa.

Basi mwalimu, kabla ya kushika fimbo, na ajiulize: kijana aliyekosea atamwendea nani?