Kutania na Kutaniana: Ucheshi Kazini na Sarufi ya Uongozi



Nilipoitaja mada hii, mwenzangu mmoja aliniuliza iwapo profesa wa isimu ameishiwa na mambo ya maana hata akaamua kuhadhiri juu ya vichekesho. Nilimjibu kwamba swali lake lenyewe ni utani, na kwamba amethubutu kuniuliza hivyo kwa kuwa anajua nitamrudishia. Jibu hilo ndilo kiini cha mhadhara wangu. Ucheshi una thamani kubwa mahali pa kazi, na kiongozi asiyeujua hupungukiwa na nyenzo muhimu. Lakini ucheshi hujenga pale tu unapoweza kwenda na kurudi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kutokana na kitenzi -pika tunapata mpishi. Kutokana na -cheka, kwa kanuni ileile ya sauti, tunapata mcheshi. Kitenzi hiki kinaponyambuliwa hutufunulia mengi. Kumchekesha mtu ni kumpa kicheko. Kumchekea ni kumwonyesha uso wa bashasha. Bali kumcheka ni kumfanya yeye mwenyewe kuwa kitu cha kuchekwa. Mzizi ni mmoja, lakini mahusiano ni matatu.

Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yanatoa ushahidi kama huo. Dhihaka inatokana na mzizi wenye maana ya kucheka tu, lakini katika Kiswahili imekuwa na maana ya kejeli. Masihara, kwa upande wake, yanatokana na mzizi wenye maana ya kufanyia mtu dharau, nayo kwetu yamelainika yakawa mchezo na kutokuwa makini. Neno la kicheko limeelekea kwenye dharau, na neno la dharau limeelekea kwenye mchezo. Lugha inatuonya kwamba mpaka baina ya mawili hayo ni mwembamba.

Wazee wetu waliujua wembamba huo, ndiyo maana waliuwekea utaratibu unaoitwa utani. Mwaka 1940, Radcliffe-Brown alichapisha makala mashuhuri kuhusu uhusiano wa namna hii, akaeleza kuwa ni hali ambamo mtu huruhusiwa na mila, pengine hata hulazimishwa, kumfanyia mwenzake mzaha, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Alitofautisha aina mbili: ule ambao pande zote mbili hutaniana, na ule ambao upande mmoja hutania na wa pili hupokea. Mwaka 1944, R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha makala juu ya utani wa Tanganyika. Utani huo unajulikana baina ya babu na wajukuu, baina ya mabinamu, na baina ya makabila. Wanaoeleza asili ya utani wa makabila hutaja vita vya zamani vilivyokwisha kwa mapatano, na pia misafara ya karne ya 19, ambapo wapagazi kutoka bara walipita katika nchi za watu wengine wakielekea pwani na kuhitaji maji, chakula na usalama. Kwa hiyo utani haukuwa burudani tu. Ulikuwa njia ya watu wasioaminiana kuweza kuishi na kufanya kazi pamoja.

Naomba sasa niwasimulie kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkuu wa idara, tulikuwa na karani kijana aliyesoma kumbukumbu za kikao mbele ya wajumbe. Lugha yake ya kwanza haitofautishi /l/ na /r/, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu. Akasoma kwamba wajumbe “walipiga kula” badala ya “kura.” Nami, mwalimu wa fonolojia niliyepaswa kulielewa jambo hilo kuliko wote, nikasema: “Kumbe ndiyo maana bajeti imekwisha!” Ukumbi mzima ukacheka. Yeye naye akacheka, nami nikaridhika kwamba nimekichangamsha kikao.

Tangu siku hiyo hakusoma tena. Kila mara alipata sababu ya kumpa mwingine karatasi. Baadaye orodha ya matokeo ya mitihani ikapelekwa mbele ikiwa na safu mbili za alama zilizobadilishana, na wanafunzi kadhaa wakaandikiwa kwamba wamefeli ilhali wamefaulu. Tulipolitengeneza jambo hilo, kwa taabu na aibu, ilibainika kuwa karani yule aliliona kosa kabla ya orodha kutoka. Alinyamaza kwa kuogopa kusimama na kusema mbele yetu. Mzaha wangu wa nukta moja ulikuwa umeifungia idara jicho lake kali kuliko yote.

Aliyenifumbua macho alikuwa tarishi wetu, mzee wa Kizaramo. Mimi ni Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Alifunga mlango wa ofisi yangu akasema: “Mtani, nyinyi Wanyamwezi mlikuwa wapagazi hodari. Imekuwaje leo mzigo wako unamtwisha mtoto wa watu?” Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa cheo chake asingeweza kunikemea. Kwa utani aliweza, nami sikuwa na haki ya kukasirika.

Tulinganishe vicheko hivyo viwili. Cha kwanza kilitoka juu kikashuka chini, na aliyelengwa hakuwa na njia ya kukirudisha. Kicheko chake mwenyewe hakikuwa ridhaa; kilikuwa utii. Cha pili kilitoka chini kikapanda juu, kikabeba ukweli ambao hakuna barua rasmi ingeubeba. Tofauti yake imo katika mofimu moja, yaani -an- ya kutendana. Hebu mjaribu katika ofisi zenu. Sentensi “mkurugenzi anamtania dereva” husemwa kwa urahisi. Je, “mkurugenzi na dereva wanataniana” ni kweli pia? Ikiwa si kweli, basi mnachokiita ucheshi wa kiongozi ni amri iliyovaa nguo za sikukuu.

Najua wapo watakaonikumbusha kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Hofu hiyo ina msingi, kwani kiongozi anayegeuza kila jambo kuwa mzaha huishia kupuuzwa, na uzembe hujificha nyuma ya vicheko. Lakini utani wa jadi haukuwa ruhusa ya uzembe. Mtani anayefika msibani na kuwachekesha wafiwa kwa kumwigiza marehemu huwa pia na kazi za kufanya katika msiba huo. Uhuru wa kusema uliambatana na wajibu wa kusaidia. Anayekutania bila kukusaidia kubeba chochote si mtani wako.

Methali nyingine inatupa mwongozo ulio bora zaidi: cheka uchafu, usicheke kilema. Uchafu huoshwa, kilema mtu hakujichagulia. Kuchelewa kikaoni, ripoti yenye kurasa mia isiyosema neno, ahadi za mkuu zisizotimia, hayo ni uchafu, na yachekwe. Lafudhi ya mtu, umbo lake, kabila lake mbele ya asiye mtani wake, hayo hayaoshwi kwa maji. Na kiongozi anayetaka watu wake wacheke kwa usalama aanze kwa kuuchekea uchafu wake mwenyewe hadharani. Tahadhari izidi katika siku hizi za makundi ya WhatsApp ya kazini, ambako mzaha hufika bila uso wala sauti, na alama ya kicheko haituambii ni nani aliyecheka kwa utii.

Mabibi na mabwana, nilimwomba radhi karani yule katika kikao, mbele ya walewale waliocheka, na sikutia mzaha wowote ndani yake. Ilichukua miezi kabla hajashika tena karatasi. Siku moja mimi mwenyewe, ambaye Kinyamwezi changu hakijaniacha, nilitangaza matokeo ya uchaguzi wa kamati na ulimi ukateleza. Akainua kichwa akasema: “Profesa, leo nawe umepiga kula.” Ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao. Nilijua kwamba safari hii mofimu ya kutendana imekamilika, na kwamba siku orodha ya matokeo itakapokuwa na kosa, nitaambiwa.