Mbwa Akitoka Kupasuliwa Tumbo

Hapa kwetu Kizota, Dodoma, jirani na machinjio, mbwa hakosi mfupa. Mfupa ukimkwama tumboni, daktari wa mifugo huweza kulazimika kumpasua na kuutoa. Wengi hupona, hasa wakiwahishwa kabla utumbo haujaanza kuoza.

Hatari kubwa huja pale unapodhani mmeshavuka. Kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya upasuaji, mshono wa utumbo unaweza kuachia, uchafu ukamwagika tumboni. Kwa nje kidonda kinaonekana kizuri kabisa! Lakini mbwa amegoma kula, anatapika, tumbo limejaa na linauma ukiligusa, fizi zimepauka. Usingoje kesho, mrudishe kwa daktari saa hiyohiyo.

Tafadhali sana, usimpe diklofenaki wala panadol ya nyumbani, zinaweza kumuua. Akiendelea vizuri, mpe chakula laini, kidogo kidogo, na maji safi. Mlaze ndani, maana vumbi la Dodoma haliachi kidonda salama. Asilambe mshono: mvalishe kola, hata ya ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.