Mgongo Mmoja Hautoshi: Kianyaga na Maji ya Thiba

Ipo hoja iliyotawala uandishi wa historia ya Mlima Kenya kiasi kwamba siku hizi haidaiwi ushahidi. Inasema kwamba nchi hii ni nchi ya migongo, vilima virefu vinavyoteremka kutoka msituni hadi uwandani. Kwamba kila mgongo ulikuwa na mbari zake, yaani koo zake, na wazee wake. Na kwamba mto uliokuwa bondeni ulikuwa mpaka tu. Kwa hoja hiyo, Kianyaga, mji wa Gichugu katika kaunti ya Kirinyaga, hauwezi kuitwa mji wa mto. Jamii ya mto, tunaambiwa, ni ile ya miji midogo ya kando ya Mississippi, iliyokuzwa na meli za mvuke. Mto Thiba haubebi mizigo, na soko la Kianyaga liko juu, mbali na ukingo. Leo nitaipinga hoja hii, na nitaipinga kwa urefu.

Tuanze na H. E. Lambert, kwa sababu wanaoitetea hoja hiyo hukimbilia kwake. Kitabu chake cha 1956, Kikuyu Social and Political Institutions, kingali bora kuliko vingi vilivyokifuata. Lambert alikuwa ofisa wa utawala wa kikoloni aliyefanya kazi katika wilaya za mlima, lakini alikuwa pia mtu wa lugha: ndiye yuleyule aliyeandika juu ya lahaja za Kiswahili za pwani, Kivumba, Kijomvu na Kichifundi. Sikio lililofundishwa kutofautisha maneno ya Vanga na ya Jomvu halikuridhika na jibu la mzee mmoja. Ndiyo maana maelezo yake kuhusu mabaraza ya wazee, marika na haki za ardhi yana undani ambao ripoti za maofisa wenzake hazina. Nakisifu kitabu hiki bila kusita, na ndipo ninapodai kwamba wanaokinukuu hawakisomi vizuri. Mgongo anaoueleza ni ngazi ya utawala na ya umiliki. Kujua nani alimiliki shamba hakutuambii mwenye shamba alichota maji wapi, alilisha ng'ombe wapi wala alikwenda wapi mvua ilipokosekana. Isitoshe, mpaka wenye maji si ukuta. Mbari mbili zinazopakana mtoni zinalazimika kuelewana kuhusu kivuko, kisima na malisho ya ukingoni.

Tazameni sasa uchumi wenyewe. Mito ya Thiba na Nyamindi huanza mlimani, hupita katika ukanda wa chai, kisha wa kahawa ambamo Kianyaga imo, ndipo huteremka kwenye uwanda mkavu wa Mwea. Kahawa ndiyo shahidi wangu mkuu. Kahawa ya kuoshwa haitengenezeki bila maji mengi: tunda bivu humenywa, mbegu huchachushwa, huoshwa katika mifereji na kuanikwa mezani. Kwa hiyo viwanda vya ushirika vilijengwa karibu na vijito, na kimoja huitwa Kii, jina la mto. Mkulima hubeba kahawa yake kuteremka bondeni, na pale kwenye mizani hukutana na mkulima wa mgongo wa pili. Chama chao ni kimoja, akaunti ni moja, na malipo yakichelewa hasira yao ni moja. Mpaka gani huo unaokusanya watu kila msimu wa mavuno?

Huko chini Mwea hoja ya migongo inadhoofika zaidi. Kabla ya kilimo cha mpunga kuanza huko, watu wa Gichugu na wa Ndia, maeneo mawili ya Kirinyaga, walidai malisho ya Mwea, na majirani wao Wambeere nao walidai vivyo hivyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikawatumia wafungwa wa Mau Mau kuchimba mifereji ya umwagiliaji, na maji yaliyoingia mashambani yalitoka Thiba na Nyamindi. Wahandisi hawakuona mito miwili iliyotenga watu. Walichimba mfereji wa kuyapeleka maji ya Nyamindi hadi Thiba. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022 huko Rukenya, Gichugu, limeifanya habari hii ionekane kwa macho: wa juu walitoa ardhi ili wa chini wavune mpunga mara mbili kwa mwaka. Maji hayohayo huishia kwenye bwawa la Kamburu, yanakozalisha umeme tangu 1974.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wa juu na wa chini hugombana, kwamba Gichugu na Ndia hupiga kura kwa kutazamana kwa jicho la pembeni, na kwamba mkulima wa mpunga humlaumu wa mlimani kwa kuchepusha maji. Ni kweli, na pingamizi hilo lina uzito: mfumo wa mto si udugu, na anayeuita udugu hajawahi kuona zamu ya maji wakati wa kiangazi. Lakini ugomvi huo unathibitisha ninachodai. Vyama vya watumiaji maji vinawaketisha wa juu na wa chini meza moja kwa sababu hakuna upande unaoweza kujitoa. Wengine watasema mji wa Kianyaga ni zao la serikali na barabara. Serikali ilisaidia, bila shaka. Hata hivyo makao makuu ya wilaya yalikwenda Kerugoya na ya kaunti yakaenda Kutus, na Kianyaga haikufa, maana chai na kahawa zinazoilisha hazikuhama na ofisi.

Ninachoziomba idara zetu za historia ni kitu kimoja. Mwanafunzi atakayetumwa Kianyaga asipewe mgongo mmoja na orodha ya mbari zake. Apewe Thiba yote, kuanzia msituni hadi Mwea, na aanze kazi yake katika vitabu vya mizani vya viwanda vya kahawa.