Ulikata Wapi? Mfululizo wa Fourier na Sauti Iliyorekodiwa



Mwaka 1807 Joseph Fourier aliwasilisha mjini Paris andiko kuhusu jinsi joto linavyosambaa ndani ya vitu. Sauti haikuwa hoja yake. Hata hivyo, andiko lilibeba dai ambalo mwanahisabati Lagrange hakulikubali: kwamba umbo lolote, hata lenye pembe na miruko, laweza kuundwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya sini na kosini. Lagrange hakuwa mkaidi wa bure. Uthibitisho wa kuaminika ulikuja na mwanahisabati Dirichlet mwaka 1829, nao uliwekewa masharti. Dai lenyewe ndilo tunalolitumia leo tukitaka kujua sauti iliyomo kwenye simu imeundwa na nini.

Kinachofanyika ndani ya programu ya kuchambua sauti ni chepesi kuliko sifa zake. Rekodi ya ubora wa CD ni safu ya namba 44,100 kwa kila sekunde, kila namba, yaani sampuli, ikieleza msukumo wa hewa kwenye maikrofoni kwa wakati wake. Darasani tunaandika integrali; kwenye kompyuta integrali hugeuka kuwa jumla. Chukua kipande chenye sampuli N. Ukitaka kujua wimbi la tatu limo kwa kiasi gani, tengeneza kosini inayozunguka mara tatu ndani ya kipande hicho, zidisha sampuli kwa sampuli, jumlisha, zidisha kwa mbili, gawa kwa N. Rudia kwa sini. Kwa Python ni mistari michache tu. Jumlisha mawimbi ishirini ya mwanzo pamoja na wastani wa sampuli zote, nawe una kadirio la sauti yako.

Kadirio likikwaruza, mwanafunzi huongeza mawimbi: hamsini, mia, elfu. Mara nyingi kosa haliko huko. Mfululizo wa Fourier haujui kilichotangulia kipande chako wala kinachokifuata. Unakichukulia kuwa kinajirudia milele, mwisho wake ukishikana na mwanzo wake. Fundi anayeunga ncha mbili za kitenge analijua tatizo hili: ua likikatwa vibaya, mshono utaonekana hata uzi uwe mzuri vipi.

Tutazame namba. Noti ya 441 Hz hukamilisha mzunguko kila baada ya sampuli 100 barabara. Kata sampuli 100, na msingi wa noti unaingia wote kwenye wimbi la kwanza, na sauti zake za masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea zinaingia kwenye la pili, la tatu na kuendelea. Lakini wanamuziki hupima ala zao kwa 440 Hz, kipimo kilichokubaliwa London mwaka 1939, na mzunguko wake ni sampuli 100.227. Hakuna mkasi unaokata sehemu ya sampuli. Basi chukua sekunde nzima: mizunguko 440 inaingia bila masalio. Sasa uzi wa udi ukazwe kidogo tu, ufike 440.5 Hz. Nusu mzunguko unabaki ukining'inia. Programu haina wimbi la 440.5, hivyo inaripoti 440 na 441, kila moja kwa takriban asilimia 64 ya ukubwa wa noti, na mabaki yanatapakaa kwenye masafa ambayo mpigaji hakuyagusa kamwe. Ukiyajumlisha mawimbi yote 22,050 utairudisha rekodi yako kama ilivyokuwa, lakini hapo hujakadiria chochote. Umebadilishana namba 44,100 kwa namba 44,100 nyingine.

Ili kuuficha mshono, wengi hutumia dirisha la Hann, linalofifisha ncha zote mbili hadi sifuri. Linasaidia, ila kilele hupanuka na noti mbili jirani huweza kuonekana moja. Kwa uzi mmoja au irabu iliyovutwa, mimi napendelea kutafuta mzunguko kwanza, kisha kukata kwa kuufuata. Kwa wimbo mzima hilo haliwezekani; itabidi vipande vifupi vinavyopandana. MP3, inayotumia ndugu wa hesabu hii, hushughulikia sampuli 1,152 kwa fremu, kama milisekunde 26.

Sauti iliyopazwa hadi ikakatwa kichwa ina taabu yake: penye mruko mkali, jumla ya mawimbi huuvuka kwa karibu asilimia 9, na mawimbi zaidi huufanya mwinuko huo uwe mwembamba bila kuupunguza. Wilbraham aliliandika jambo hili mwaka 1848. Sifa akapewa Gibbs, aliyelieleza mwaka 1899.

Kuhusu kasi ya hesabu sina mengi. Kwa sampuli 1,048,576, njia ya moja kwa moja hudai hatua zaidi ya trilioni moja. Njia ya Cooley na Tukey ya mwaka 1965 hudai kama milioni 21. Ni ukombozi mkubwa, lakini algoriti hiyo haichagui mahali pa kukata. Ukiipa kipande kibovu, itakupa jibu bovu upesi.

Ombi langu kwa walimu wa programu: maabara ya kwanza iwe ya kusikiliza rekodi, kuchora wimbi lake na kutafuta mzunguko kwa macho. Maktaba za hesabu za haraka zisubiri maabara ya pili.