Shamba la Jamaa na Kazi ya Ushirika

Katika mazungumzo yetu ya leo tutamtazama bwana shamba mmoja wa Urusi aliyeota ndoto kubwa juu ya wakulima wadogo. Jina lake ni Aleksandr Chayanov. Alizaliwa mwaka 1888, akasomea kilimo mjini Moscow, akafanya kazi na vyama vya ushirika vya wakulima wa kitani.

Mwaka 1920 aliandika hadithi. Mtu mmoja analala Moscow, anaamka mwaka 1984. Anakuta miji mikubwa imevunjwa, Moscow imejaa bustani, na nchi iko mikononi mwa wakulima. Kila jamaa inalima shamba lake, na hata mvua inaletwa kwa mitambo. Eti mvua kwa mitambo! Hiyo tuwaachie watunga hadithi. Lakini chini ya hadithi hiyo kulikuwa na hesabu, nayo inatuhusu.

Hesabu ya kwanza ni ya midomo na mikono. Chukua jamaa yenye baba, mama na watoto wadogo wanne. Midomo ni 6, wenye kushika jembe ni 2. Kila mmoja analisha watu 3. Watoto wawili wakishakua, midomo ni ile ile 6 lakini wafanya kazi ni 4. Kila mmoja analisha mtu mmoja na nusu. Chayanov alisema mkulima hapimi shamba kwa faida peke yake, kama tajiri mwenye vibarua. Anapima mahitaji ya nyumba yake na uchovu wa mwili wake. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo atajikaza zaidi, na jirani yake mwenye vijana wakubwa ataweka jembe chini mapema, wala si mvivu.

Hesabu ya pili ni ya ukubwa. Kila kazi ina kipimo chake. Kulisha ng'ombe na kupalilia kwa wakati kunataka jicho la mwenyewe. Lakini kusindika maziwa, kutafuta soko, kununua mashine, hayo yanamshinda mtu mmoja. Basi zile za kwanza zibaki nyumbani, hizi za pili ziende kwenye ushirika. Wafugaji wa Siberia walikuwa wamekwisha kuanza: ng'ombe wa mtu, kiwanda cha siagi cha wote.

Serikali ya Stalin haikuitaka njia hiyo. Kuanzia mwisho wa mwaka 1929 mashamba na mifugo vilikusanywa kwa nguvu. Wakulima wengi waliona heri wachinje ng'ombe wao kuliko kuwatoa. Nafaka ikachukuliwa, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni ya watu, hasa Ukraine na Kazakhstan. Chayanov mwenyewe alikamatwa mwaka 1930, akasingiziwa chama cha siri cha wakulima, na mwaka 1937 akapigwa risasi. Alisafishwa jina mwaka 1987, miaka 50 baadaye.

Na sisi Tanzania tuna la kukumbuka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe.

Basi ndugu zangu, mkikaa kwenye mkutano wa chama chenu, ulizaneni kwanza: kazi hii kweli inazidi nguvu za nyumba moja? Kama haizidi, mwacheni mwenyewe aifanye. Kama inazidi, unganeni, lakini mjue nani anashika mizani na nani anashika daftari, na kila mwanachama aweze kusema hapana bila kuogopa. Ushirika wa kusukumwa huacha ghala tupu.

Kwaherini, na kazi njema.